Kadi ya Gendabi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimelivuta boksi la kompyuta kutoka chini ya kitanda. Mwaka na miezi mitatu! Vumbi tupu. Buibui kajenga kwenye tundu la feni, kajipangia chumba bure. Nimemfukuza. Nimesafisha kila kitu kwa brashi – mazabodi, prosesa, ramu mbili, pawasaplai. Vyote vipo. Kilichokosekana ni kadi ya picha tu. Bila hiyo kadi gemu haichezeki, labda niandike barua.

Nina laki tatu na nusu. Sikopi mtu. Nimeamua: mwezi huu nanunua kadi, nafunga mashine, nacheza. Basi. Mtu mzima hawezi kuogopa kidude chenye feni mbili.

Saa tisa mvua imeanza. Mvua ya kwanza ya masika hapa Daudi. Nimefunga dirisha nikapandisha redio. Mama akauliza kama nimeanza kuwa kiziwi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo dukani nimeuza dawa ya kupe mpaka nanuka kama josho. Nilipofunga nikapita kwa Ignasi, fundi wa kompyuta pale Mbulu mjini. Ana kadi tatu.

Ya kwanza RX 580. Bei nzuri, gigabaiti nane. Lakini inakula umeme kama mashine ya kusaga, na pawasaplai yangu ndogo. Halafu nimeinusa. Ndiyo, nimeinusa! Ina harufu ya kuungua. Ignasi akakiri kwa shingo upande kwamba huenda huko ilikotoka ilitumika kuchimbia sarafu za mtandaoni, mwaka mzima bila kupumzika. Ya pili gigabaiti mbili – hiyo ni ya karani. Ya tatu GTX 1650, gigabaiti nne, haitaki hata waya wa ziada. Laki tatu na ishirini. Inaenea kwenye boksi, inaenea kwenye bajeti. Tukaichomeka, gemu ya magari ikakimbia mzunguko mzima bila kukwama.

Nikatoa hela. Nikazirudisha mfukoni. Nikamwambia feni inapiga kelele.

Feni haikupiga kelele yoyote. Ilikuwa kimya kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kwa Ignasi. Ile ile 1650. Leo nikasema bandiko la nyuma limechubuka, nani kaifungua? Akaleta lenzi tuangalie. Hakuna aliyeifungua. Nikasema gigabaiti nne hazitoshi siku hizi. Akasema juzi zilitosha.

Akacheka. Akasema mbele ya watu, "Konsolata, wewe unachagua kadi au unachagua mume?"

Watu wote wakacheka. Nami nikacheka! Mdomo ulicheka wenyewe. Nikafika mpaka kwenye duka la vitunguu swaumu ndipo nikaona sioni njia, macho yamejaa.

Jioni kanitumia ujumbe. Samahani sana dada, nimekumbushwa habari za marehemu Sylvester, ulimi wangu huu ukatwe. Nikamjibu usijali. Ila ninajali. Maana pale pale kwenye ile meza yake, mtu mwingine alisimama kushoto kwangu akaniambia chukua hiyo hiyo, Konso, wewe huridhiki. Nikiinama kuangalia kadi namsikia. Hata anavyopumua kwa ile pua yake iliyoziba! Ninageuka – ni kalenda ya mwaka jana ukutani.

Jumapili, 16 Machi

Sikuungama. Kwaresima, foleni fupi, nikawa wa pili. Nikajifanya simu inaita nikatoka nje. Mwongo hata mlangoni kwa Mungu.

Basi niandike hapa.

Novemba 2023, kwa Ignasi palikuwa na kadi. Ya kawaida, yenye kutosha. Sylvester akasema tuchukue, tutabadilisha tukishafungua kibanda chetu cha gemu. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeona kwenye simu 1660 Super inauzwa Dar, imetumika lakini safi, gigabaiti sita. Nikang'ang'ana. Nikailipia. Muuzaji akaituma kwa basi mpaka Katesh, maana kwao Sylvester ni Gendabi, ni karibu. Ingefika Jumamosi jioni, tarehe mbili Desemba.

Sasa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi Sylvester alikuwa anakuja kwetu. Begi lilishafungwa. Ijumaa nikampigia. Nikamwambia usije, subiri mzigo, uje nao Jumapili. Akalalamika kwamba kadi haina miguu, haitakimbia. Nikamnunia. Nikanyamaza kwenye simu vile ninavyojua mimi, mpaka akasema haya, Konso, nasubiri.

Jumamosi jioni akanitumia picha. Kaupakata mzigo kama mtoto wa ubatizo. Jumapili alfajiri mlima ukashuka. Tope, mawe, miti mizima, vikaondoka na chumba chake, naye ndani.

Mimi ndiye niliyembakiza. Na watu wananipa mimi pole! Pole binti, pole kwa mchumba wako. Napokea. Nasema ahsante.

Na kwao sijarudi. Mazishini nilisimama nyuma, nikaondoka na gari la kwanza. Halafu babu yake mzaa mama, mzee Hhando, mtu wa mila hasa, akaiweka nyumba metimani. Kifo kile kilikuwa kibaya, kwa hiyo wa nyumba ile wasichangamane na watu, wasipeane mikono na mtu, mgeni asiingie, chombo chao kisitoke, mpaka watakaswe. Wakristo wengi wameshaacha. Mzee hakuacha. Na mimi nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi. Kila aliyeniuliza nilimwambia nitakwenda wakitoka metimani. Wametoka Agosti iliyopita. Miezi saba sasa, na safari hii sina mila ya kujifichia.

Jumanne, 18 Machi

Simu, saa nne asubuhi, namba ngeni. Nikadhani mteja wa chanjo ya kuku.

"Konsolata? Ni mama Sylvester."

Shikamoo ilinikwama, ikatoka mara mbili. Akaitikia zote mbili, marahaba, marahaba mwanangu. Sauti yake imepungua. Akasema anahamia nyumba mpya, ile ya zamani inabomolewa wiki ijayo. Juu ya kabati la sebuleni kuna kiboksi kimezungushiwa gundi ya karatasi. Kimeandikwa jina langu na namba yangu. Upande ule wa nyumba haukuguswa na tope. Wakati wa metimani hakikuweza kutoka, na baada ya hapo yeye mwenyewe hakuthubutu kukishika.

"Njoo ukichukue. Na mimi nina neno la kukuambia. Si la kwenye simu."

Anajua. Kiboksi kina jina langu na tarehe ya basi – mama gani atashindwa kujumlisha? Nimempimia mteja dawa ya minyoo ya ng'ombe akaniuliza mbona nampa ya mbwa.

Ijumaa, 21 Machi

Ignasi kauliza: kuna mtu anaitaka 1650, nimpe? Sijamjibu.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Mchana duka lilikuwa tupu, nikajaribu kusema kwa sauti, nikizitazama chupa za dawa. Mama, mimi ndiye niliyemwambia abaki. Mama, mimi ndiye niliyemwambia abaki. Mara ya nne ikatoka bila kutetemeka. Kumbe mzee mmoja kashaingia.

"Abaki nani?" akauliza.

Nikamuuzia pampu ya kunyunyizia. Alikuja kununua pampu, lakini nahisi ningemuuzia chochote.

Jumamosi, 22 Machi

Gendabi. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya nyumba ya zamani. Saa nane mchana.

Nimekuja na gari mpaka Dareda, jingine mpaka Katesh, bodaboda mpaka hapa. Njia nzima nilikuwa narudia ile sentensi. Mlima upo wazi leo, hauna hata wingu. Pale tope lilipopita majani yameota mabichi kabisa, na mbuzi wanakula. Chumba cha Sylvester kilikuwa upande huo. Sasa hakuna hata jiwe la msingi.

Mama Bernadina kanisubiri mlangoni. Kakonda mno. Nikampa shikamoo, akanishika mkono akakaa nao. Hakuuachia. Nikawaza, kumbe na yeye alikaa miezi bila kushikwa mkono na mtu, na mimi nilikuwa Daudi nafurahi.

Akakileta kiboksi kwa mikono miwili. Nikakata gundi. Kadi imo kwenye mfuko wake wa kung'aa. Safi! Haina tone la tope. Feni nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka laini, haina mkwaruzo hata mmoja. Nikatafuta kasoro, jamani, nikageuza huku na huku. Haina kasoro.

Nikasema, "Mama, nina neno."

Akasema, "Subiri. Langu ni la siku nyingi, nianze mimi."

Akashuka kwenye kiti akakaa chini. Mama mkwe wangu, kwenye sakafu! Nikataka kumwinua, akakataa.

"Mimi ndiye niliyemfunga hapa," akasema. "Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu Fausta, kule Nambis. Yeye anataka kuja kwenu. Nikamwambia na mbuzi nani atawaangalia? Kaa mpaka Jumapili nirudi. Akakaa. Kwa ajili ya mbuzi, Konsolata! Wewe ungekuwa na mume. Ungekuwa na mtoto anatambaa hapa. Kila siku nasema nikupigie, nashindwa. Nisamehe, mwanangu. Usiponisamehe hiyo nyumba mpya siingii."

Sasa niandike ninachokijua. Ijumaa ile kwenye simu Sylvester alicheka. Alisema mama kang'ang'ania nikae na mbuzi, ila nimeshaongea na jirani Wolfgang, atawachukua, kesho asubuhi nakuja. Ndipo nikamwambia subiri mzigo. Mbuzi hawakumzuia. Mama yake hakumzuia. Wolfgang naye alichukuliwa na tope, mke wake pia. Kwa hiyo duniani anayejua ni mimi peke yangu. Sentensi moja tu, na yule mama anasimama kutoka kwenye ile sakafu. Na ninayo! Nimeifanyia mazoezi!

Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Yaani mimi. Mimi nimemsamehe yeye! Akalia mpaka akaishika miguu yangu, akinishukuru. Anashukuru! Akasema hajawahi kupumua tangu siku ile. Nikampangusa uso kwa kanga yake mwenyewe, nikasema yameisha, mama. Sauti ya upole kweli, ningejisikia mwenyewe ningejiamini.

Kisha akaniambia kaa hapa nje upate hewa, nakupikia.

Yuko jikoni. Ugali na maziwa ya mgando, kasema, na kuku kachinja. Anaimba. Mzee Hhando amekuja na fimbo yake mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama, akasikiliza. Akanitazama. Akasema hajamsikia binti yake akiimba tangu mlima ushuke. Akanishika kichwa kwa kiganja chake, akanibariki kwa Kiiraqw, maneno mengi, yote nimeyaelewa.

Ananiita, chakula tayari. Nimeitika abee, nakuja.

Ananiita tena. Bado nimekaa.