Bwana Miwa Aliomba Tutoke Sare

Diani,
Jumatano asubuhi.

Dada yangu mpendwa Mbithe,

Shikamoo dada. Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku chini. Mimi, Concepta na watoto tu wazima, Bwana anatulinda. Sijui wewe goti lako linaendeleaje, linakuachia usingizi? Na mahindi ya huko juu, mvua hizi zimeyakuta yamepaliliwa au bado? Huku wageni hotelini ni wa kadiri, na kazi yangu ya bwawa na mapampu inaendelea kama kawaida. Muthokoi uliotuma umefika, asante sana. Concepta aliupika, watoto wakala mpaka wakagombania sufuria. Mimi sikuweza kuumeza, na sababu yake utaiona humu humu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwa simu nimejaribu nikashindwa. Kila nikikupigia unaanza kunipa pole, eti ndugu yangu maskini, wale watu wa hoteli wanavyokufanyisha kazi, hata siku ya ntheo, siku ya kupokea mbuzi wa posa ya mtoto wetu Kavenya, hawakukuachia. Nikiisikia pole hiyo mdomo unafunga wenyewe. Karatasi angalau hainipi pole. Nimempa Garama, huyu anayetuletea mboga kutoka huko Shimba Hills, akufikishie mkononi.

Habari nimezisikia. Nimesikia ulivyosema mbele ya akina mama wa kanisa kwamba mbuzi wa watu wa Ramisi hawatakanyaga tena uani kwako, na kwamba Ijumaa unatuma mtu akamwambie Duncan na wazee wake watafute binti kwingine. Dada, nakuomba sana, usimtume mtu kabla hujaimaliza barua hii. Hilo ndilo ombi langu la kwanza. La pili liko chini.

Sasa nianze. Utashangaa ninaanzia mbali, lakini nivumilie.

Mwaka jana nilikwenda Ukunda kwa Abdulrahim, yule kijana wa Wasini mwenye duka la kompyuta, kupiga chapa cheti cha mtoto. Intaneti ikagoma. Akaniambia, mzee Elkanah, kaa hapo usubiri, jiburudishe na hii. Akanifungulia gemu ya vita vya baharini vya zamani, zile merikebu za matanga na mizinga. Nikacheka. Nikamwambia mimi ni Mkamba, nimekaa pwani miaka yote hii na bahari nimeiingia mpaka magotini tu, tena nimeshika suruali. Akaniambia humu hulowi.

Dada, sikujua kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu wa namna ile! Unapewa kundi la merikebu, wewe ndiye mkubwa wao. Unaona bahari yote, moshi, makoti ya mabaharia, hata bendera inavyopepea unajua upepo unatoka wapi. Na mchezo wote ni upepo. Ukikaa upande unakotoka upepo, unamfuata adui unapotaka na unamwacha unapotaka. Ukikaa upande wa chini, unapigwa na huna la kufanya. Tena mizinga iko ubavuni, haipigi mbele. Kwa hiyo raha yote ni kuipitisha safu yako mbele ya pua ya safu yake, wewe unamfyatulia mizinga ya ubavu mzima, yeye hana hata mmoja wa kukujibu. Siku ya kwanza nilipofanikiwa kufanya hivyo nilisimama nikapiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuja kutoa kopi akaangusha makaratasi yake.

Lakini kabla ya hapo niliteseka. Mwanzoni nilizipanga merikebu kama tulivyokuwa tukiwapeleka mbuzi mtoni kule nyumbani: wanyonge na wenye mimba mbele, wenye nguvu nyuma, ili asiachwe mtu. Basi zile kubwa za nyuma zikazipanda zile ndogo, matanga yakasokotana, milingoti ikavunjika, na adui hajapiga hata mzinga mmoja. Abdulrahim alicheka mpaka akatoka nje. Akasema babu zake wa Wasini wote wakiamka leo watakufa tena. Na wale manahodha wa kompyuta, dada, ni viziwi. Unawaambia geukeni kushoto, mmoja anageuka, mwingine anaendelea na safari yake kama anakwenda Pemba kununua karafuu. Umeme nao unapotea wakati umemshika adui shingoni. Ukirudi, merikebu zako ziko chini ya maji. Nimewahi kurudi nyumbani nimenuna kwa ajili ya merikebu ambayo haipo, Concepta akadhani nimefukuzwa kazi.

Gemu hii mnacheza na watu wengine walio mbali, kila mtu kwa jina la kujibandika. Mimi niliitwa Mamba wa Tiwi. Na kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Bwana Miwa. Huyo ndiye aliyenifunza kulia. Amenizamisha, amenichoma, ameniteka. Na mdomo anao! Kuna mahali pa kuandikiana humo, na kila akinipiga ananiandikia, Mamba, rudi mtoni ukale vyura. Siku nyingine, Mamba gani hajui maji? Nilikuwa nikisafisha bwawa la hoteli nikiwaza yeye tu. Nikiliona jani linaelea, naliambia moyoni, ewe Miwa, ngoja upepo ubadilike.

Basi tukapanga pambano la mwisho, la bandari. Anayeshinda anachukua bandari na merikebu zote za mwenzake, na anayeondoka kabla ya mwisho anahesabiwa ameshindwa. Yeye ndiye aliyechagua siku, akasema tuanze asubuhi, kwa kuwa mchana ana shughuli. Na mimi mchana nilikuwa na shughuli. Nikaona vizuri, asubuhi tutamalizana.

Siku hiyo, dada, ndiyo ile Jumamosi ya ntheo.

Hakuna pampu iliyoharibika kama nilivyokwambia. Hotelini nilikuwa nimepewa ruhusa tangu Alhamisi, na meneja, Madam Gillian, alinitakia heri akaniambia nimsalimie bibi harusi. Wewe umemwombea mama wa watu mabaya bure. Nilitoka nyumbani na koti langu la kanisani na ile kofia ya marehemu shemeji Kaindi uliyonipa nivae nikisimama badala yake kuwapokea wageni, nikamwambia Concepta natangulia Shimba Hills. Nikapitia kwa Abdulrahim. Nilisema saa moja tu.

Tulianza vizuri. Nilipata upande wa juu wa upepo, nikawa namjongelea taratibu. Halafu upepo ukakatika. Yaani kwenye skrini bendera zote zikalala. Merikebu zake zimesimama, zangu zimesimama, mizinga haifiki. Tukakaa. Adhuhuri imepita, tumekaa. Ukanipigia simu, ukaniuliza umefika wapi, chai iko tayari, wazee wako kwenye viti. Nikakwambia pampu ya bwawa imepasuka, maji yanajaa, siwezi kuondoka. Nilikwambia hivyo huku naitazama bendera. Wewe ukasema, pole ndugu yangu, Mungu atakusaidia.

Hapo ungeweza kusema mimi ni mwongo tu, na ingetosha. Haikuishia hapo.

Baadaye kidogo Bwana Miwa akaniandikia. Nakuwekea maneno yake yalivyokuwa, kwa sababu nayaona mpaka leo nikifumba macho. Aliandika hivi: "Ndugu Mamba, tutoke sare. Nina wazee na mbuzi watatu wamo kwenye pikapu wananipigia honi. Tunakwenda Shimba Hills kwa wakwe, na mimi ndiye msemaji."

Dada, nilijua. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Mbuzi watatu, Shimba Hills, Jumamosi ile. Alikuwa ni Muange, baba yake mdogo Duncan, fundi wa matrekta wa kule Ramisi, uliyeniambia ndiye msemaji wao. Wageni wako walikuwa bado hawajaondoka, na mtu aliyewashika alikuwa ameshikwa na mimi.

Abdulrahim alikuwa nyuma yangu akayasoma. Akaniambia kwa upole, mzee Elkanah, mwachie mwenzio, hiyo ni shughuli ya heri. Hakujua ni ya nyumbani kwangu. Ningebonyeza sare, yeye angepanda pikapu, mimi ningepanda pikipiki, tungefika sote jua likiwa bado juu, na ningecheka naye uani kwako. Lakini wakati huo huo nikaona bendera ya mbele inaanza kucheza. Upepo ulikuwa unarudi, na ulikuwa unarudi upande wangu.

Nikamwandikia: "Mbuzi ni kisingizio. Miwa imeoza. Kimbilia wakwezo, mwoga." Na nikaongeza kwamba nitawatangazia wachezaji wote kwamba Bwana Miwa alikimbia na mbuzi.

Akabaki.

Nilimpiga, dada. Siwezi kukudanganya tena, ilikuwa nzuri. Nilizikata safu zake katikati, merikebu yake kubwa ikawaka, bendera yake ikashuka. Nilipiga meza kwa furaha. Abdulrahim hakupiga makofi, alikuwa anafunga madirisha kwa sababu magharibi ilikuwa inakaribia. Ndipo nikakumbuka sheria yako na ya marehemu mama, kwamba mbuzi wa ntheo hawavuki mlango jua likishazama, maana kilichokuja gizani hakina shahidi. Nikahesabu mwendo kutoka Ramisi mpaka kwako. Nikajua.

Uliponipigia unalia, ukisema Muange amekuja gizani na wazee wake kama wezi wa kuku, kwamba wamekudharau kwa sababu huna mume wa kusimama mlangoni, na kwamba umewarudisha na mbuzi wao, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka na kofia ya shemeji mapajani. Nikasema, watu hawa kweli hawana adabu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Juzi Kavenya alikuja hapa kutoka kazini kwake Msambweni. Macho yamevimba. Alinisihi nizungumze nawe, kwamba Duncan hana kosa, na akaniuliza, mjomba, kwani huyo baba mdogo alikuwa wapi siku nzima? Mbele za wazee wake alisema alishikwa na trekta la mteja lililopasuka gurudumu, na hakuna aliyeliona hilo gurudumu. Nikashindwa kumtazama. Nikamweleza yote, hapo hapo karibu na bwawa. Hakupiga kelele. Akaniuliza, na ulishinda? Nikasema ndiyo. Akasema, basi hongera mjomba. Akachukua mkoba wake akaondoka. Ningepigwa kofi ningelala vizuri zaidi.

Jana nilikwenda Ramisi. Nilimkuta Muange chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiambia ile miguu kwamba mimi ni Elkanah Kisilu, ndugu yake Mbithe, na kwamba mimi pia ndiye Mamba wa Tiwi. Akatoka mzima mzima na mafuta usoni. La kwanza aliniuliza upepo ule niliupataje. La pili akaniita mshenzi, na maneno mengine ya Kikamba ambayo sitayaandika kwenye karatasi inayokuja kwako. Halafu ikamwingia kwamba nilijua na nikamshika makusudi, akakaa chini kwenye nyasi. Akasema yeye pia alikuwa na kidole cha kubonyeza kuondoka, na hakukibonyeza, kwa kuogopa kuitwa mwoga na mtu asiyemjua. Tukakaa pale wawili, watu wazima wenye mvi. Mkewe alitutazama kutoka mlangoni akauliza ni msiba wa nani.

Lakini kosa ni langu, dada. Yeye hakujua anayecheza naye. Mimi nilijua, nikachagua. Hawakukudharau wao. Aliyekudharau ni mimi, ndugu yako, uliyeniweka mahali pa mumeo.

Tumekubaliana hivi, ukiridhia. Jumamosi hii tutakuja asubuhi na mapema, umande haujakauka. Ombi langu la pili ndilo hili: usiniwekee kiti upande wa wenyeji. Nitakuja na wageni, nitashika kamba ya mbuzi mmoja, nitasimama nje ya mlango wako pamoja na waliokosa. Kofia ya shemeji anakuletea Garama pamoja na barua hii. Mpe unayemwona anastahili, au usimpe mtu. Msemaji wa nyumba hiyo awe wewe mwenyewe. Uulize unavyotaka kuuliza, utoze faini unayotaka kutoza, mbele ya wazee wote. Mimi nitajibu kwa sauti, na Kavenya asikie.

Ukiona huwezi kunifungulia, wafungulie wao. Waingize na mbuzi wao, ufunge mlango nyuma yao. Sitagonga. Nitakaa hapo nje mpaka watakapotoka, nisikie tu mkiimba.

Concepta anakusalimu, naye anajua yote na tangu jana anasema nami kupitia kwa watoto. Wasalimie wazee wa kanisa, na Kavenya akifika umwambie mjomba wake hana neno la kujitetea. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kuimaliza barua hii bila kuichana.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Elkanah Kisilu