Nilisema Pole Tu

Aqsa, uko? Nimefukuzwa gereji. Leo hii, mbele ya watu wote.

Mzee Ubaid alileta gari lake, betri haishiki chaji. Fundi Obonyo akaniambia, "Winny, gari ikinguruma hivyo hivyo, chomoa waya wa betri. Ikizima, alteneta haichaji." Nikamuuliza kama hatutaunguza kitu. Akacheka. "Chomoa, madam."

Nikachomoa. Taa zikawaka kali sana, redio ikatoa moshi.

Unajua fundi alisema nini? "Nani amekutuma?"

Nani amekutuma! Aqsa, yeye! Alikuwa amesimama hapo hapo kando yangu!

Mzee alikuwa anaitazama tu ile redio yake. Nikamhurumia, nikamwambia, "Pole, mzee."

Obonyo akadakia, "Si mnasikia? Ameomba msamaha mwenyewe!"

Nikavuliwa ovaroli pale pale. Mzee akaniambia kazi ya waya niwaachie wanaume.

Nilisema pole, Aqsa. Pole tu. Hata jirani akifiwa si tunamwambia pole? Kwani huwa ni sisi tumeua?