Mfuko wa Mgongoni

Mwanangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu, na umgawie mkeo nusu yake kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaanza unasahau adabu. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linalia kama bawaba iliyokosa mafuta, lakini la kulia halijambo, na ndilo ninalolitegemea kwenye cherehani. Kifua chako je? Uliambiwa uache sigara, ukajifanya huna masikio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Eti nimrudishe binti yako kwa basi la kwanza, kwa sababu amekuaibisha kwa kumuuzia fundi wa ghorofani mishono yetu. Hebu kaa chini. Mwanao hakuuza hata kifungo. Amesafishwa, tena amesafishwa mbele ya watu.

Nikueleze taratibu, maana hata mimi nilielezwa mara tatu. Tangu mke mwenzangu, yaani huyo binti yako, aje kunisaidia, mishono anaichora kwenye kompyuta mezani kwake, kisha inaruka hewani bila waya hadi kwenye printa iliyo kando yangu. Mimi nachukua karatasi, nakata kitambaa. Basi ikawa mwezi mzima, kila gauni tunalochora, kabla mwenyewe hajaja kulijaribu, pacha wake ananing'inia dirishani kwa yule bwana wa ghorofani. Mteja mmoja alinitupia kitambaa chake usoni. Na kwa kuwa kila mshono ulipita mikononi mwa mwanao, vidole vyote vikamwelekea yeye. Changu kikiwa cha kwanza. Nilisema mbele ya washonaji wangu wanne kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto alikunja utepe wake wa kupimia, akauweka mezani, na kwa siku kumi na moja hakula nami sahani moja.

Aliyetufumbua macho ni fundi wa kompyuta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita wateja sokoni, aliyekuja kutazama printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Aliangalia simu yake, akauliza kwa nini waifai yetu haina neno la siri. Akasema waifai isiyofungwa ni sawa na kusimulia mambo ya chumbani kwa kupiga kelele uani: jirani hana haja ya kuvunja mlango, anatega sikio tu. Mchoro unaporuka kwenda kwenye printa, yeyote aliye karibu, mwenye kompyuta na ujanja kidogo, anaunasa hewani ukiwa mzima. Mwanao akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake tangu siku ile.

Fundi alitaka kufunga palepale. Nikamwambia asubiri, panya hafukuzwi, hutegwa. Nikamwamuru mjukuu wangu achore gauni zuri la buluu, kisha aliwekee mfuko mgongoni, katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Akaniuliza kama akili zangu zimenitoroka. Nikamwambia achore, asinichoshe. Mchoro ukaruka, karatasi ikatoka, nikaikunja nikaitia kifuani.

Siku ya tatu gauni la buluu hilo hapo dirishani! Nilipanda ngazi ishirini na mbili kwa goti hilihili. Nilikuta wateja sita, na yule wa kitambaa akiwemo. Nikaingiza mkono mfukoni mwa gauni, nikamuuliza yule bwana mtu huweka nini humo. Akajibu kwa maringo kwamba huo ni mtindo mpya, bibi wa zamani kama mimi hawezi kuuelewa. Nikamwambia mtindo huo nimeuzaa mimi, Jumatatu, baada ya chai. Nikaitoa karatasi, tarehe na saa zimechapwa juu. Ungemwona! Alilinyakua gauni, akalificha mgongoni mwake. Wa kwanza kucheka alikuwa yule mteja wa kitambaa, akashuka ngazi amenishika mkono, na gauni lake tumelianza upya.

Sasa waifai yetu imefungwa barabara. Kila kinachoruka kinavurugwa kwanza, na mitambo yetu peke yake ndiyo inayojua kukipanga upya. Wateja wanaosubiri wamepewa waifai yao ya pembeni. Yule fundi wa kompyuta alikwenda kukaa ngazini na kompyuta yake, akajaribu kutusikiliza tukichapisha, akarudi anacheka: alichoambulia ni kama kuku wamechakura kwenye unga. Tulipiga vigelegele hadi sindano zikadondoka.

Lakini sikukuambia nani aliiacha waifai wazi. Ni mama yako. Kufuli ilikuwepo tangu mwanzo. Neno lake lilibandikwa chini ya kisanduku cha waifai kwa herufi za ukubwa wa chawa, na kila simu yangu ilipolidai, ilibidi niombe mtu anisomee. Nilichoka kuonekana mjinga. Nikamlazimisha aliyetuwekea mtandao aliondoe. Na fundi alipouliza, niliangalia dari.

Niliposhuka kutoka ghorofani, sikukaa. Nilikiri nikiwa nimesimama mbele ya washonaji walewale wanne. Kisha nikamwita mwanao chumbani, nikafunga mlango, nikamwomba radhi kwa maneno manane. Alilia, akacheka, akaenda kuyafanya hayo maneno kuwa neno letu la siri. Amesema ni marefu, nami sitayasahau, na hakuna duniani atakayeyakisia, maana hakuna aliyewahi kunisikia nikiomba radhi.

Kwa hiyo harudi, si kwa basi la kwanza wala la mwisho. Jana tumekula sahani moja, na paja la kuku amechukua yeye. Maneno yenyewe usiniulize. Barua hupita mikono mingi, na hii nimeibandika gundi mara mbili. Nawe tafuta ya kwako umwandikie. Usiazime yangu.

Wasalimie wote wa hapo, hata yule shemeji yako asiyesalimia mtu.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako