Futa Yale Mapaa ya Shaba

Mpwa wangu Zuhura,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimekuitikia kabisa. Najua pia kwamba simu yako ndiyo itakayokusomea barua hii kwa ile sauti yake ya mgeni, kwa hiyo nimeandika bila mbwembwe. Labda kidogo tu.

Tangu uhamie Visiga kutengeneza vile vitabu vya kwenye vishikwambi, hapa Masaki ya Kisarawe nimebaki bila msikilizaji. Unakumbuka ulipokuwa mdogo? Ulizaliwa huoni, ramani haikufai, basi nikawa nakupangia korosho mkekani. Hii Tanzania, hii Malawi, hii Zambia. Unazipapasa moja moja, kisha unauliza, "Mjomba, na hapa ulifika?" Nami nilikuwa nimefika. Korosho zote nilifika. Siku moja ukaila Kongo, nikakwambia umewaacha watu bila makazi. Ulilia mpaka mama yako akaniita mwendawazimu.

Mwezi uliopita ulikuja na kinasa sauti. Ulikuwa unaandaa somo la nchi jirani kwa watoto wote, wanaoona na wasioona, na penye picha ulitaka sauti ya mtu aliyefika. Ukanipa sharti moja: "Mjomba, sema kilichopo tu. Anayeona ataikagua picha mwenyewe. Sisi wengine hatuna pa kukagulia." Nikaitikia kama mkuu wa wilaya. Halafu nikakueleza mji wa Zambia ambao nyumba zote zimeezekwa kwa shaba, mvua ikinyesha mji mzima unalia kama kengele. Ukacheka. "Hapo hapo, mjomba, rudia."

Nikarudia, tena vizuri kuliko mwanzo. Kwa kusimulia, Kisarawe nzima hakuna wa kunigusa, na hilo silifuti.

Jana ulinitumia somo lenyewe, pamoja na sauti za watoto wa darasa ulilolijaribia. Nikawasikia wanacheka. Kisha kasichana kamoja kakasema, "Mwalimu, mimi nikikua nitakwenda kuisikia ile mvua." Nilizima simu. Korosho nilizokuwa nakaanga zikaungua zote.

Zuhura, mimi Zambia sijafika. Nilikuwa utingo wa lori, nikaishia mpakani, Tunduma. Sikuwa na karatasi hata moja. Dereva akaniambia, "Wewe subiri hapa, nakuja," akavuka. Nilikaa siku nne upande wetu, nayaangalia mapaa ya upande wa pili. Mabati, mpwa wangu. Mabati kama ya kwetu, mengine yana kutu. Niliporudi nilikukuta umekaa kizingitini, korosho zako mkononi, ukaniuliza nimeona nini. Ningekwambia nimeachwa?

Umesema kitabu kinatoka wiki ijayo. Yafute yale mapaa kabla hakijatoka. Kama unaona aibu kwa wenzako, nitakuja Visiga niwaambie kwa mdomo wangu.

Na kama nafasi ya sauti itabaki wazi, njoo unirekodi upya. Nitasema foleni ya malori, vumbi, harufu ya dizeli, baridi ya asubuhi, na geti linavyokwaruza likifunguliwa kwa ajili ya wengine. Hayo yapo. Yule mtoto akienda kukagua, atayakuta.

Mjomba wako,
aliyefika Tunduma.