Laki Tisa Kabla ya Makato

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba leo Alhamisi, saa tatu asubuhi, kikokotoo cha kibanda changu cha ushonaji hapa Itetemia kimetiwa betri mpya. Joto lilikuwa limeshafika kabla yangu. Hafla ilihudhuriwa na mimi na cherehani.

Sababu ni tangazo la kazi. Karakana moja ya sare za shule inatafuta msimamizi wa mafundi, mshahara laki tisa kwa mwezi. Juzi nilimwambia mke wangu, Mwajuma, tukiwa tunakula. Akaacha kutafuna. Kifua chake kimeharibika kwa moshi wa vitumbua, na daktari alishamwambia aachane na jiko. Lakini vitumbua vinatuingizia kama laki na sabini kwa mwezi, ndiyo maana jiko linawaka mpaka leo. Jana asubuhi akawatangazia wateja: mwezi huu ndio wa mwisho.

Nakiri kosa. Miaka kumi na minane nimekuwa fundi. Kwangu bei ikishatajwa, ndiyo inayoingia mfukoni.

Leo mtani wangu Yohana, Mgogo anayeuza spea za baiskeli mlango wa pili, akauliza kama hiyo laki tisa ni kabla au baada ya makato.

Makato gani?

Alicheka mpaka akashika mlango. "Ninyi Wanyamwezi! Babu zenu walipita kwetu Ugogo na mizigo kichwani, tukawatoza ushuru wa njia. Mpaka leo hamjajifunza kuuliza mbele kuna nani?"

Yohana aliwahi kuwa karani wa stoo, kwa hiyo matusi yake yana elimu.

Kwanza asilimia kumi ya mfuko wa pensheni: elfu tisini. Ikabaki laki nane na elfu kumi. Hapo nikaikata yote asilimia ishirini na tano ya kodi aliyoitaja Yohana, nikaona giza. Yohana akanipiga kikofi mkononi. Kodi inapanda ngazi, akasema: kipande cha chini hakiguswi, kinachofuata kinaguswa kidogo, na hiyo ishirini na tano inakatwa kwenye elfu hamsini za juu tu. Kodi yote, elfu themanini na mia tano.

Mkononi: laki saba, elfu ishirini na tisa na mia tano.

Zilizopotea njiani ni laki moja, elfu sabini na mia tano. Yaani jiko la Mwajuma lote, na sufuria yake.

Nikakaa, nikasimama. Nikashona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Niliwaza kunyamaza, lakini mshahara wa kwanza ungenichongea.

Jioni nikamwambia. Akakohoa, akauliza, "Baba Salma, na hapo kibandani unapata ngapi kwa mwezi?"

Sijui. Sijawahi kujumlisha hata siku moja.

Tukajumlisha kutoka kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mwezi mzuri, laki nne. Ongeza vitumbua, laki tano na sabini. Mshahara uliokatwakatwa bado unatushinda sote wawili tukiwa na afya.

"Basi jiko nazima," akasema. "Barua unaipeleka wapi?"

Nikalifungua tena tangazo kwenye simu kutafuta anwani. Safari hii nililisoma mpaka chini.

Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa jana.