Foto Zetu Zimegeuka Karatasi Nyeupe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Hapana, sijachoka kuzitazama, mama mkwe aseme anavyotaka. Jana tena alinicheka mbele ya wageni: "Godeliva, weye! Kila siku foto, foto. Bwana si uko naye mu nyumba? Muangalie yeye!" Namwangalia. Namwangalia sana. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, nafungua kompyuta ya Trezor na kuipitia arusi yetu toka mwanzo. Mimi kwenye gauni. Yeye na tai yake iliyopinda, ananitazama kana kwamba nimeshuka mbinguni siku ileile. Mume wangu! Nikiandika neno hilo bado natabasamu peke yangu kama mjinga.

Leo nimefungua. Hakuna sura hata moja. Karatasi nyeupe tupu, mistari kwa mistari. Kila foto imekuwa karatasi nyeupe. Majina yapo, lakini mwisho wa kila jina, baada ya zile herufi za foto, kumeongezeka nukta na herufi nne ambazo sijawahi kuziona. Nikibonyeza, kompyuta inaniuliza nataka kuifungua kwa kitu gani. Kwa kitu gani! Kwa macho yangu.

Nimemwita Trezor. Amekuja na povu la sabuni shavuni. Ametazama, amebonyeza mara mbili. Halafu amesema labda umeme, huu moto wa Bendera, ulikatika vibaya, atatengeneza, mpenzi. Ameniita mpenzi, nikatulia. Kwa mtu huyu ninatulia haraka mno.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimejaribu mwenyewe alipokwenda kuchota maji. Nilifuta zile herufi nne ngeni, nikaacha jina la zamani. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nina hakika! Karatasi nyeupe ikageuka, alama ya foto ikarudi. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikafungua: aina ya faili haitambuliwi. Ni jina tu lililorudi. Ndani ni kitu kingine.

Video pia. Masomo anayofundisha darasa la tano, pia. Katikati ya kioo kuna barua mpya kwa Kiingereza. Kiingereza tulichofundishwa shuleni kinanitosha kuelewa kwamba kuna watu wanataka pesa ili watufungulie. Trezor ameifunga haraka. Amesema ni wezi, tusiwajibu. Hakunitazama usoni.

Niandike kwa nini naogopa. Ni kwa ajili ya Nkambo, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kijijini Zongwe, kando ya ziwa. Nyonga yake ilivunjika, hakuweza kupanda mtumbwi kuja arusini. Akamtuma mjomba Kisimba na mpemba, ule udongo mweupe. Kwetu bibi arusi na bwana arusi hupakwa mpemba kwenye paji la uso, wote wawili, na mkono wa mkubwa wa upande wa binti. Ndipo ukoo unamjua mkwe wake. Nkambo alinipigia simu akasema wazi: "Nisipoona mpemba kwa kipaji cha ule kijana, ule haiko mukwe wangu. Ni mugeni tu anakula kwako."

Mama mkwe anasali kanisa la maombi. Kwake mpemba ni ya shetani. Tulibishana hadi siku ya mwisho. Akakubali, lakini nyuma ya jiko, haraka, na yeye akatupa mgongo. Mpiga foto alikuja nasi. Foto zile ni chache na ndizo nzuri kuliko zote. Trezor amefumba macho, unga mweupe umemwangukia puani, anacheka. Ndizo nilizomwahidi Nkambo.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Diski ya nje pia imekufa.

Tulikuwa na nakala kwenye diski, ndani ya sanduku la nguo. Nimetoka duka la dawa mchana, nimemkuta Trezor ameichomeka kwenye kompyuta ileile. Anasema alitaka kuipima kama ni nzima. Anasema alipoichomeka nyuso zilikuwepo, aliniona nikicheka, kisha moja baada ya nyingine zikawa nyeupe mbele yake. Nimemuuliza kwa nini hakuichomoa. Mtu mmoja ana homa ya kuambukiza, wewe unamletea mdogo wake alale naye kitanda kimoja ili ujue kama ni mzima!

Nimekwenda mbio kwa mpiga foto, kule mtaa wa Kataki. Anatumia karte moja ya kamera, kadi ileile kwa kila kazi. Amenijibu bila ubaya: "Mama, mukisha kupata foto zenu, kazi yangu imeisha. Mu ile karte sasa kuko matanga ya muntu." Kamera iliyonipiga mimi kwenye gauni, juu yangu wamepiga jeneza.

Imebaki nakala moja. Flash ya mama mkwe, anayowaonyesha wanawake wa kwaya yake. Nimemwambia Trezor: ile isiguswe. Ibaki pale pale. Amesema ndiyo. Ameshika mkono wangu aliposema. Nampenda. Jioni nilimkaangia samaki, mikebuka.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mama mkwe amefika nikiwa nasonga bukari, ugali wetu. Ametupa flash mezani.

"Muliifanya nini? Jana nimewaita bamama wote kwangu, naweka mu televizyo, hakuna kitu! Nimepata haya mimi!"

Nimesema hatujaigusa. Amemtazama mwanawe. Mwanawe ametazama chungu. Basi nimejua.

Aliifuata kwa mama yake jana asubuhi, akairudisha mchana. Akaichomeka. Kwenye kompyuta ileile. Nakala ya tatu! Alitaka, anasema, kuhamisha foto za mpemba peke yake ili anipe raha, nikiamka nizione. Anasema safari hii alikuwa ameifagia kompyuta virusi kwa programu fulani, alidhani ni safi. Alidhani.

Mama mkwe ameuliza kama na zile za udongo zimekwenda. Nimesema ndiyo. Amekaa chini, akajipangusa jasho kwa upindo wa kitenge, na akasema kwa utulivu kabisa: "Basi Mungu mwenyewe amefagia."

Nimemwambia na zako za kucheza amezifagia pia, mama, ulikuwa umevaa kitambaa cha dhahabu. Nimesema hivyo kwa mama mkwe wangu. Kisha nikaendelea kusonga. Trezor alichukua ndoo akatoka.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimechukia. Hakuna neno jingine.

Nimepika, nimemwekea, sikula naye. Alifua shati lake mwenyewe na langu pia. Aliniletea mandazi ya moto kutoka njia ya daraja la Lukuga, yale niyapendayo. Nikayala, nimegeukia ukuta. Mandazi yalikuwa matamu na hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Tumeipeleka kompyuta kwa Papa Jules, fundi aliye na kibanda karibu na posta. Mtu wa maneno mengi. Anazungumza na mashine kuliko na wateja. Ameuliza ni kitu gani kiliingizwa siku zile za mwisho kabla foto hazijageuka. Trezor amesema hakuna kitu. Papa Jules amecheka: "Mwalimu, weye! Mashini haina haya, itasema yote."

Ikasema. Ilikuwa programu ya kutengenezea video. Si ya kununuliwa, ni ile ya bure inayokuja na funguo zilizovunjwa. Ndani yake ndimo mlimokuwa na virusi. Trezor aliiweka Jumapili jioni, nilipokuwa kwa mama yake nikichekwa kwa ajili ya foto. Papa Jules akafungua kazi iliyoachwa nusu. Video ya arusi yetu, haichezi, nyeusi tupu, na juu ya ule weusi maandishi ya rangi ya dhahabu: Trezor na Godeliva, milele. Kuna na maua pembeni.

Kumbe alitaka kunifanyia hiyo.

Nilisimama pale kibandani sijui nilie au nimpige. Kama angekuwa amefanya kwa ubaya ningejua pa kuiweka hasira yangu. Amefanya kwa mapenzi. Kisha akaficha, na kwa kuficha akaziua zile nakala mbili zilizobaki, kwa sababu alitaka kutengeneza kabla sijajua. Toka siku ya kwanza alijua! Moto wa Bendera! Aliusingizia umeme mbele yangu na povu shavuni.

Njiani kurudi alitaka kunishika mkono. Nilihamishia mkoba upande ule.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Papa Jules ametuita. Anasema virusi hivi vina haraka, katika faili kubwa vinauma kichwa tu na kuacha mwili. Foto ni ndogo, akizishona hazirudi. Video ni kubwa. Alikwenda mwenyewe kwa mpiga foto, akaomba apige video fupi kwa kamera ileile ya video, ya kuku wake tu uwanjani, akachukua kichwa cha ile ya kuku akakishonea kwenye yetu. Ndivyo alivyoeleza. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba imefunguka.

Nilisahau hasira yote. Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikasogea karibu na kioo. Wageni wakala. Wageni wakala tena. Mama mkwe akacheza na kitambaa cha dhahabu, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya keki, kisha kurudi, kisha tena. Anacheza vizuri, lazima niseme. Kanisani hakuna, faili ile imekataa. Nyuma ya jiko hakuna, na Papa Jules hana kosa. Kule mpiga foto alipiga foto tu. Betri ya video ilikuwa inachajiwa.

Kwa hiyo hiyo ndiyo arusi yangu iliyobaki. Mama mkwe anacheza.

Trezor alisimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua. Nikamwambia bila kugeuka kwamba mama yake atafurahi.

Amefurahi. Ameita kwaya kwa Jumapili.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Hatukwenda kwenye video ya mama mkwe. Trezor ndiye aliyekataa, sikumwomba.

Baada ya misa nimepiga simu Zongwe. Katekista, jirani wa Nkambo, akampelekea simu. Upepo wa ziwa ulikuwa mwingi, nikangoja asogee nyuma ya nyumba. Swali lake la kwanza: foto ziko wapi? Nikamwambia hazipo. Nikamweleza kama nilivyoweza, kwamba zimegeuka kitu kingine, hazifunguki, hazitarudi.

Kisha akasema polepole kwamba tulikatazwa kupakwa mpemba. Nikasema hapana, Nkambo, mjomba Kisimba alitupaka, muulize. "Kisimba! Ule akisema mvua inanyesha, mimi ninatoka inje kuangalia." Nikacheka. Halafu nikaanza kulia na sikuweza kuendelea.

Trezor akaitoa simu mkononi mwangu, akaweka spika. Nilitaka kumzuia. Akasema: "Nkambo, foto nimeziua mimi. Si mashini, si umeme. Njo mimi, ni mimi mwenyewe. Na nimemudanganya Gode." Hajawahi kumwambia mtu hivyo, hata mama yake. Mama yake bado anasema ni Mungu.

Nkambo akauliza: "Na weye njo nani?"

"Njo Trezor."

"Trezor wa nani?"

Nilimwona anatafuta neno. Alijua neno moja, mukwe, hana ruhusa nalo. Akanitazama, macho mekundu, na akasema: "Wa Gode."

Kisha Nkambo akasema mpemba haijaisha, iko kwenye chungu chini ya kitanda, na mkono wake wa kuume ungali mzima. Foto hataki tena. Tumfuate pale alipolala.

Bado nina uchungu. Haukuondoka kwa sababu amesema. Zile foto nilizipenda na sitaziona tena. Lakini tumekaa mlangoni sasa, yeye anasafisha mboga, lenga-lenga, bila kuambiwa, anatupa majani mabovu na mengine mazuri pia, na mimi namwachia.

Ile simu niliirudisha sikioni kabla salio halijaisha. Nilimwambia kabla mwezi huu haujaisha, Nkambo. Tutapanda mtumbwi, wawili. Mwezi huu huu.