Shangazi Anasema Hatuishi Ghorofani

Shikamoo mshauri. Mimi ni msichana niliyemaliza kidato cha nne, ninaishi Lushoto mjini na shangazi yangu Rahabu aliyenilea tangu mdogo, na kabla sijasema lolote nataka ujue kwamba ninampenda na kumheshimu sana, kwa sababu aliuza plamu na pea sokoni miaka mingi mpaka akanunua sehemu yetu katika nyumba hii, na akina mama wa kanisani wakipita huwaonyesha binti zao mlango wetu.

Nyumba imejengwa kwenye mteremko. Mlango wetu unatazama barabara, hupandi ngazi yoyote, lakini ukizunguka nyuma na kushuka utakuta mlango mwingine, na humo, chini ya sakafu yetu, anaishi dada Shamsa, muuguzi, ambaye siku hizi ana zamu za usiku na hulala mchana. Mshauri, sijaona mtu kama yeye. Jioni kabla ya kwenda kazini hunifundisha baiolojia, maana nami nimeomba chuo cha uuguzi, na nikikosea hanicheki, husema tu, "Rudia polepole, mgonjwa hatakukimbia."

Sasa shangazi ameweka marumaru sebuleni na jikoni. Wenye nyumba wote tulikubaliana kwamba anayeishi juu akiweka sakafu ngumu, lazima kwanza atandike tabaka la mpira chini yake ili vishindo visishuke kwa wa chini. Fundi Zuberi alimkumbusha, shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Ghorofa gani, fundi? Wewe umepanda ngazi kuja hapa? Mpira kawawekee wanaoishi ghorofani!"

Tangu hapo mchi ukigonga kinu au stuli ikiburutwa, dada Shamsa anaamka. Macho yake ni mekundu, lakini akipita jioni anasema, "Shikamoo mama, sakafu yako inang'aa kweli," na shangazi anafurahi siku nzima. Juzi dada Shamsa aliniambia anatafuta chumba kwingine, kwa sababu anaogopa kwamba kwa usingizi atampa mgonjwa dawa isiyo yake, akanisihi nisimwambie shangazi asije akaaibika. Na kimebaki chumba cha kulala, ambacho kiko juu ya kitanda chake, na fundi anarudi wiki ijayo. Mimi hata kuomba chumvi kwa jirani naona haya. Nitamwambiaje mtu aliyenilea kwamba amekosea?

Evelina, Lushoto

Marahaba, Evelina. Wengi wanaoniandikia wana majirani wa kumwagiana maji machafu. Wewe una shangazi aliyejinunulia nyumba kwa jasho lake, na jirani anayesifia sakafu inayomnyima usingizi. Nawavulia kilemba wote wawili. Ila wema wenu umekuwa bubu, na Shamsa nitamgombeza pia: sifa zile ndizo zilizomziba shangazi masikio.

Wewe nawe acha kujificha nyuma ya haya. Kesho utamwambia mzee wa makamo alale kifudifudi umdunge sindano, utamnong'oneza?

Usimwambie shangazi amekosea. Atakujibu habari za ngazi, na ngazi kweli hakuna. Mwache asikie mwenyewe. Kwanza mwombe Shamsa ruhusa. Aibu ya watu watatu chumbani inapona, kuhama hakuponi. Siku ya mapumziko yake, kabla fundi hajarudi, mwambie shangazi, "Tushuke tukamsalimie dada Shamsa, hujawahi kuingia kwake." Akishapewa chai, wewe panda juu utwange kisamvu na kuvuta stuli kama kila siku. Usizidishe hata kidogo.

Kisha mambo ya fundi. Chumbani mpira utandikwe kabla ya marumaru ya kwanza, tena ufike mpaka ukutani. Sebuleni na jikoni msibomoe kitu: wekeni zulia nene, miguu ya stuli ivalishwe vipande vya mpira, na kinu kitoke nje kwenye udongo. Viatu mlangoni. Shamsa akisikia bado, aseme, asisifu.

Ukishuka na kumkuta shangazi kikombe mkononi, macho darini, usimsemeshe. Keti karibu naye. Ni mara yake ya kwanza kuisikia nyumba yake kutoka chini.